Nguvu Iwe ya Mwisho: Pikipiki ya Theluji na Dola Elfu Moja

Huku kwetu kaskazini mwa Minnesota wote wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi ipo kama kawaida yake. Nyie wa Uyole mnaolalamika Juni na Julai na makoti yenu, njooni mtembee huku Januari halafu tuongee vizuri, tehe tehe!

Nimekuwa kimya siku nyingi, nisameheni. Kilichonirudisha ni ile picha niliyowatumia ya pikipiki yangu mpya ya theluji. Maswali yamemiminika mpaka simu ikapata joto. Mama aliuliza inabeba abiria wangapi na nauli ni kiasi gani. Shangazi, kwa ukali wake mnaoujua, akauliza ni mtu gani mwenye akili anayenunua pikipiki ya kutumia miezi minne kwa mwaka. Mdogo wangu Tumaini, ambaye mnamfahamu pale stendi na bodaboda yake, hakuuliza bei wala abiria. Yeye aliuliza swali moja tu: "Kaka, umeshatoboa ekzosi?"

Mama, haibebi abiria wa nauli. Shangazi, nitakujibu mwishoni. Ila swali la Tumaini ndilo limenifanya nikae chini niandike, kwa sababu nina maoni makali juu ya jambo hilo, na maoni hayo niliyapata kwa gharama.

Maoni yangu ni haya: mtu mwenye fedha kidogo akinunua chombo kipya na akabakiwa na akiba ya kukiboresha, nguvu ya injini iwe kitu cha mwisho kabisa kununua. Kwanza nunua kukata kona. Pili nunua kusimama. Tatu nunua kurudi nyumbani. Kikibaki chochote, hapo ndipo tuanze kuongea habari za ekzosi.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, ngoja niieleze kidogo. Pikipiki ya theluji haina tairi. Mbele ina skii mbili, hizo ndizo zinazogeuka unapozungusha usukani. Nyuma ina cheni pana ya mpira inayozunguka, mfano wa cheni za katapila, yenye meno ya kung'ata theluji. Injini inazungusha cheni, cheni inakusukuma. Haina gia za kubadilisha kwa mguu. Ina klachi mbili zilizounganishwa na beliti, na zenyewe zinapanuka na kubana kulingana na kasi ya injini. Sasa shikeni jambo moja ambalo ni la msingi kwa yote nitakayosema: breki yake ni moja tu, na inashika ile cheni ya nyuma. Skii za mbele hazina breki. Kwa hiyo ukiwa juu ya barafu ngumu na cheni haina cha kung'ata, ukibana breki cheni inasimama lakini wewe unaendelea na safari.

Chombo hiki hakikuzaliwa kwa ajili ya mashindano. Huko Quebec, Kanada, fundi mmojawapo wa mwanzo kabisa, Joseph-Armand Bombardier, alifiwa na mtoto wake mdogo mwaka 1934 kwa sababu njia zilikuwa zimezibwa na theluji na hospitali haikufikika. Miaka michache baadaye alikuwa anauza magari ya kutembea juu ya theluji yenye kubeba watu saba, na mwaka 1959 akatoa ile ndogo ya Ski-Doo. Huku Minnesota nako, kwenye mji mdogo wa Roseau karibu na mpaka wa Kanada, ndiko kampuni ya Polaris ilikoanzia mwaka 1954. Mwanzo wake ulikuwa kufika na kurudi. Resi zilikuja baadaye.

Haya, sasa kisa chenyewe.

Mwaka 2019 nilinunua pikipiki yangu ya kwanza, mtumba, dola 2,000. Jirani yangu ndiye alinishawishi. Ilikuwa majira yangu ya tano ya baridi huku, na nilikuwa nimechoka. Unatoka kazini jua limeshazama, unaamka jua halijatoka, watu wamejifungia ndani miezi mitano. Kuna ndugu zetu wengi ughaibuni wanaugua moyo kimyakimya kwa sababu ya giza hilo. Ile pikipiki ilinitoa nje. Nikajua majirani, nikajua njia za msituni, nikajifunza kuvua samaki kwa kutoboa shimo kwenye barafu. Sioni aibu kusema kwamba iliniponya.

Ila nilikuwa mgeni na mshamba. Nilipopata fedha kidogo, nikafanya kile ambacho Tumaini angefanya: nikanunua ekzosi ya dola 450, ya kung'aa, yenye mlio. Jamani ule mlio! Nilijiona mfalme. Njia nzima nikawa nafikiri pikipiki imeongezeka kasi maradufu. Kumbe kilichoongezeka maradufu ni kelele.

Februari 2021, jioni, nilikuwa narudi nikikatiza ziwa lililo karibu na kwetu. Upepo wa siku mbili ulikuwa umefagia theluji yote, barafu imebaki tupu, nyeusi, inateleza kama kioo. Sikuwa nakimbia sana, kama kilomita 60 kwa saa. Mbele yangu nikaona taa ndogo ya kibanda cha wavuvi. Huku watu wanaweka vibanda juu ya barafu, wanawasha jiko, wanakaa humo na ndoano zao. Nikazungusha usukani nipite kushoto. Skii zikageuka, lakini pikipiki haikugeuka. Ikaendelea moja kwa moja kuelekea ile taa. Nikabana breki. Cheni ikasimama, nikaendelea kuteleza vilevile.

Nilipita hatua kama nne pembeni ya kile kibanda. Si kwa ustadi wangu, ni kwa sababu tu tangu mwanzo nilikuwa nimeelekea pembeni kidogo. Nikaenda kujibamiza kwenye tuta la theluji, nikarushwa, goti likavimba wiki tatu. Mlango wa kibanda ukafunguliwa, akatoka mzee mmoja, na nyuma yake mtoto wa kama miaka sita na fimbo yake ndogo ya kuvulia mkononi.

Yule mzee hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. Aliuliza kama nimeumia, akanisaidia kuinuka, halafu akapiga magoti kwenye barafu, akapitisha kidole gumba chini ya skii yangu. Akaniita nami nipapase. Chini ya kila skii huwa kuna kipande kirefu cha chuma chenye makali ya kabaidi, hicho ndicho kinachokata barafu ili skii ishike njia. Changu kilikuwa kimelika, kimekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Akasema hiyo ni kama dola mia moja tu, jozi nzima. Halafu akaitazama ekzosi yangu inayong'aa. Hakusema neno.

Nimeishi na ukimya ule mpaka leo.

Baada ya hapo nikaiuza ile mtumba, nikakaa misimu bila pikipiki. Halafu majira ya baridi ya 2023 na 2024 yakaja bila theluji ya maana huku Minnesota. Njia nyingi zilibaki zimefungwa karibu msimu mzima, na maduka yakabaki na pikipiki mpya ambazo hazijanunuliwa. Kufika Aprili 2024 bei zilishuka, nami nikapata hii mpya kabisa, ya mwaka huo huo, kwa bei ambayo siku nyingine ningeiota tu. Nikabakiwa na dola 1,000 ambazo mimi na mama watoto tulikubaliana: hizi za kuiboresha, zikiisha zimeisha, hakuna kurudi kwenye ada za watoto wala fedha za nyumbani.

Siku ya kuichukua, kijana wa dukani akanitolea kitabu cha vikorokoro. Ekzosi hii inapunguza uzito. Programu hii ya kompyuta ya injini inaongeza nguvu. Klachi hii inafanya iruke kama swala. Nikamwambia asante, nitafikiri. Nikaenda nyumbani na kalamu.

Hesabu ya kwanza niliyoipiga ilikuwa hii. Bodaboda ya cc 150 kama ya Tumaini ina nguvu za farasi 12 hivi. Pikipiki yangu, yenye injini ya cc 600 ya kuchanganya oili na petroli, ina zaidi ya 120. Yaani bodaboda kumi zimefungwa pamoja, na mimi nimekaa juu yake. Sheria ya Minnesota inaruhusu mwisho maili 50 kwa saa kwenye njia za jimbo na juu ya maziwa, sawa na kilomita 80. Chombo hiki kinavuka hapo kabla sijamaliza kupumua. Kwenye kilomita 80, kila sekunde unapita mita 22. Usiku, mpaka macho yaone na mkono ubane breki, umeshapita mita 30 na zaidi. Sasa niambieni, katika hesabu hiyo, farasi wengine watano au kumi wa kununua watanisaidia nini?

Kabla ya kutumia hata senti, nilianza na ya bure. Wengi hawajui kwamba maboresho makubwa kuliko yote yanakuja na kitabu cha maelekezo, hayauzwi. Kiwandani springi na shokapu zinawekwa kwa mtu wa uzito wa wastani. Mimi na makoti yangu, buti na helmeti, si mtu wa wastani! Nilikaa juu, mwanangu akapima inabonyea kiasi gani, tukakaza springi mpaka ikakaa inavyotakiwa. Uzito ukiegemea nyuma mno, skii zinakuwa nyepesi na pikipiki haikati kona. Tukapima kama skii zote mbili zimenyooka. Tukaangalia cheni isilegee wala isikaze mno, na iwe katikati. Na matangi ya mwanzo ya mafuta nikaendesha kama wanavyoelekeza, bila kuikamua muda mrefu, ili injini na beliti vizoeane. Jumamosi mbili, gharama sifuri. Ikawa pikipiki nyingine.

Halafu ndipo nikafungua pochi.

La kwanza, vyuma vya kabaidi vya chini ya skii, vikali kuliko vilivyokuja nayo: dola 130. Mnajua kwa nini ni la kwanza.

La pili, njumu za cheni. Kama vile njumu za viatu vya mpira, hizi ni misumari ya chuma inayofungwa kwenye cheni ili ing'ate barafu wakati wa kuondoka na, muhimu zaidi, wakati wa kusimama. Nilifunga 96, nikatoboa mwenyewe na mwanangu gereji kwa siku nzima: dola 330 pamoja na nati na vibati vyake. Hapa nina angalizo kwa yeyote atakayefuata njia hii. Kabaidi na njumu ni mke na mume, usinunue mmoja ukaacha mwingine. Ukiweka njumu nyingi nyuma halafu mbele ukaacha vyuma butu, nyuma itasukuma mbele, utazungusha usukani nayo itakwenda moja kwa moja. Yaani utakuwa umenunua ajali yangu kwa fedha zako. Pia soma kitabu kwanza, maana si kila cheni inaruhusiwa kutobolewa, na lazima pawe na vizuizi vya kulinda tumbo la pikipiki ili misumari isitoboe mfumo wa kupozea. Tena kwenye njia za lami za wapita kwa miguu na baiskeli njumu ni marufuku huku, zinachimba lami.

La tatu, vikwaruzo. Hivi havina sifa yoyote, hakuna mtu atapiga navyo picha. Ni waya ngumu mbili zinazoning'inia na kukwaruza barafu, zikirusha unga wa theluji kwenye cheni. Kazi yake? Injini hii inapozwa na maji, na maji hayo yanapozwa na theluji inayorushwa na cheni chini ya tumbo. Hata reli za plastiki ambazo cheni inatelezea juu yake zinahitaji theluji hiyo kama grisi. Kwenye barafu tupu hakuna theluji ya kurushwa. Injini inachemka na plastiki inayeyuka. Dola 90 zimeniokoa na gharama ya mamia.

La nne, kioo kirefu cha mbele na vikinga mikono: dola 170. Msinicheke. Kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri na unakwenda kilomita 80 kwa saa, mwili unaona kama nyuzi 38 chini. Vidole vikishakufa ganzi, hujui umebana breki kiasi gani. Kwa hiyo hicho nacho nakihesabu kwenye fungu la kusimama, si la starehe.

La tano, beliti ya akiba, dola 150. Beliti ikikatika msituni saa moja usiku, hakuna stendi ya kwenda kuita fundi. Nyingine inakaa chini ya kiti, nimejizoeza kuibadilisha nikiwa na glavu.

La sita na la bei ndogo kuliko yote, jozi ya vichomeo vya barafu vya kuvaa shingoni, dola 12. Barafu ikipasuka ukatumbukia, unavichomeka kwenye ukingo na kujivuta. Wataalamu wa jimbo wanasema barafu mpya iliyo ngumu iwe na unene wa angalau inchi 5 kabla ya kupita na pikipiki ya theluji, na hata hapo hawakuhakikishii usalama. Nimevivaa kila siku, sijavitumia, na naomba Mungu nizeeke bila kuvitumia.

Jumla dola 882. Shangazi, naomba unikagulie hesabu, wewe ndiye mhasibu.

Sasa niseme kwa nini niliyaacha yale mengine, maana si haki kuyasema vibaya bila sababu.

Ekzosi ya dukani ni kweli inapunguza kilo kadhaa, na inaweza kuongeza nguvu kidogo. Lakini bei yake ingekula nusu ya bajeti, na kelele zake zina mlipaji. Njia tunazopita zina urefu wa zaidi ya maili 20,000 jimbo zima, na sehemu kubwa zinapita kwenye mashamba ya watu waliotoa ruhusa kwa hiari, na wanaozitunza ni wanachama wa vilabu vya vijijini. Mwenye shamba akiamshwa saa sita usiku mara tatu, mwaka unaofuata anaweka kizuizi, na njia nzima inakatika. Kwa hiyo mwenye ekzosi ya kelele anajinunulia raha yake kwa njia ya wenzake. Huku ni kijijini, na sisi weusi tunaonekana kutoka mbali. Sitaki kuwa mimi niliyefunga njia.

Programu ya kompyuta ya injini nayo nimeiacha. Injini ya aina hii ikipewa hewa nyingi na mafuta kidogo, pistoni inayeyuka kwa muda mfupi sana. Na ukishaigusa programu, ukirudi dukani na injini iliyokufa, usishangae wakikuambia waranti nayo imekufa. Waranti ni mali niliyoilipia. Kuitupa kwa ajili ya farasi wachache ni sawa na kuuza paa ili ununue pazia.

Klachi ya kuruka kama swala? Klachi hupangwa ili injini izunguke kwenye kasi ile inayotoa nguvu zake zote. Kiwandani wameshaipanga kwa nchi ya chini, na huku kwetu tuko chini, Ziwa Superior liko mita 183 tu kutoka usawa wa bahari. Ningebadilisha nini?

Najua kuna watakaonipinga. Nina rafiki Mkenya anayeishi Colorado, yeye ananicheka kila tukipigiana simu. Ananiambia, wewe wa ziwani unaongea hivyo kwa sababu hujapanda milima. Na kwa upande wake ana hoja. Kila unapopanda futi elfu moja, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Ukiwa futi elfu kumi, karibu theluthi imeondoka. Theluji yenyewe ni laini, inafika kifuani, na ukikosa nguvu unazama na kukwama. Huko kubadilisha vizito vya klachi si anasa, na ndiyo maana mwaka 2020 Ski-Doo walianza kuuza pikipiki ya milimani yenye tabo iliyofungwa kiwandani. Njumu na kabaidi zangu huko hazina kazi kubwa.

Sawa, nakubali. Lakini nilimuuliza swali moja: kabla ya tabo, ulinunua nini? Akacheka, akasema kifaa cha kurusha mawimbi ili wenzake wamtafute akifukiwa na maporomoko ya theluji, koleo na fimbo ndefu ya kuchomachoma kumtafuta mtu. Pamoja na darasa la kuvitumia. Basi! Naye alianza na kurudi nyumbani, ila tu hakuwahi kuita hivyo. Mahali panabadilisha orodha ya vitu, mpangilio unabaki ule ule.

Wengine watasema, lakini raha je? Chombo ni cha raha, ukitaka usalama kaa ndani. Mimi nawaambia raha niliyoipata msimu wa kwanza na hii pikipiki sikuwahi kuipata na ile yenye mlio. Unaingia kwenye kona, unaegemea, skii zinauma barafu, inakwenda pale pale ulipoitazama. Unaiamini. Chombo unachokiamini unakiendesha vizuri zaidi, na kwenye njia ya msituni yenye kona nyingi wale wenye ekzosi za kung'aa nawangoja njia panda. Kumbe kukata kona ndiyo kasi yenyewe.

Sasa narudi kwako Tumaini, mdogo wangu.

Uliponiuliza kama nimetoboa ekzosi, ulinitumia na picha ya yako. Umeshaitoboa, umebadilisha na sproketi ili ikimbie zaidi kwenye lami. Nilivuta ile picha kwa vidole nikaangalia tairi ya mbele. Ina upara, mdogo wangu. Imelika kama zile kabaidi zangu. Na wewe, tofauti na mimi, una abiria nyuma. Unabeba wanafunzi asubuhi, unabeba mama zetu na mizigo yao kutoka sokoni.

Wewe umekulia barabara ile kuu, mteremko wa Iwambi unaujua kuliko mimi. Malori yanayopata ajali pale, ni lori gani lilipata ajali kwa kukosa nguvu ya injini? Mawe yangekuwa na mdomo yangesema. Huwa ni breki, kila siku ni breki.

Zilibaki dola 118 kwenye ile elfu moja. Mama watoto akasema zako hizo, fanya unavyotaka, labda ununue hata stika za kupendezesha. Nimekutumia wewe Jumanne, na Mama ameshanithibitishia kwamba umezipokea. Zinatosha tairi mbili, breki shuu za mbele na nyuma, na helmeti nzima ya abiria, siyo lile bakuli la plastiki lililopasuka. Sikukuandikia masharti kwenye ujumbe kwa sababu wewe ni mtu mzima na una familia. Masharti nimeyaandika hapa mbele ya ukoo mzima, tehe tehe. Picha ya tairi mpya naisubiri.

Na wewe Shangazi, uliniuliza swali la haki na sitalikwepa. Ndiyo, ni anasa. Fedha ile ingemalizia lenta ya kile chumba cha kiwanja cha Mama, nalijua hilo, na mwaka huu lenta inapigwa, nimeshaweka mbali fungu lake. Ila nilikwambia siku moja kwa simu kwamba mwaka wangu wa nne huku nilikuwa silali, na wewe ukaniambia nitafute kitu cha kunitoa ndani ya nyumba. Nilikusikia. Ndicho hiki. Hata kibanda cha wavuvi nimeshajenga cha kwangu, na nikiona taa ya pikipiki inakuja kwa mbali jioni, natoka nje na kusimama mlangoni na tochi.

Karibuni mtoe maoni yenu, hasa nyie madereva na mafundi. Mwenye kunipinga anipinge kwa hoja, nipo.